“Ukoo Wetu ni wa Presha”: Kauli Hii Ina Maana Gani Hasa?

Katika misiba mingi ya Mtwara na Lindi, baada ya maziko, watu wakisharejea na kukaa jamvini, hufika wakati mtu mzima mmoja hushusha pumzi na kusema, “Ndiyo hivyo, ukoo wetu ni wa presha.” Waliokaa karibu huitikia kwa kichwa, kahawa huendelea kuzunguka, na mazungumzo huhamia kwenye bei ya korosho. Kauli hiyo husemwa kana kwamba imemaliza jambo. Kwa maoni yangu hapo ndipo jambo linapoanza, kwa sababu ndani ya maneno hayo machache kuna habari ambayo, ikichambuliwa vizuri, inaweza kumwongezea miaka kijana aliyekaa pembeni akisikiliza.

Maneno hayo huzaa mkanganyiko wa namna mbili. Wapo wanaoyapokea kama amri: baba alikufa kwa kiharusi, mama ana sukari, basi zamu yangu nayo itafika, ya nini kujinyima chumvi? Wapo wengine ambao, wakiulizwa na muuguzi kama kwao kuna mwenye presha, sukari au saratani, hujibu “hapana” kabla swali halijaisha, kwa kuwa hawaoni uhusiano wowote kati ya swali hilo na homa iliyowapeleka zahanati siku hiyo. Wote hao wanapoteza kitu kile kile.

Tuanze na maneno yenyewe. Historia ya afya ya familia ni kumbukumbu ya magonjwa waliyougua ndugu wa damu, umri waliokuwa nao walipoanza kuugua, na kilichowaua wale waliokwisha kufa. Ndugu wa damu hapa si kila tunayemwita ndugu. Mume wa shangazi au mtoto wa kulea hawamo katika hesabu hii, hata kama tunawapenda sawa na wengine. Walio karibu zaidi ni wazazi wako, ndugu zako wa baba na mama mmoja, na watoto wako, ambao kila mmoja anashirikiana nawe takriban nusu ya vinasaba. Babu, bibi, mjomba, shangazi, mama mkubwa na baba mdogo wanashirikiana nawe karibu robo.

Vinasaba ni maelekezo yaliyomo ndani ya karibu kila chembe hai ya mwili, yanayoelekeza ngozi iwe na rangi gani, figo zishike chumvi kiasi gani, na kongosho litoe kiasi gani cha insulini, yaani kichocheo kinachoingiza sukari ya damu ndani ya chembe. Nusu ya maelekezo hayo ulipewa na mama na nusu na baba, siku mimba yako ilipotungwa. Kwa magonjwa kama presha na kisukari cha ukubwani hakuna kinasaba kimoja kinachobeba lawama yote. Vipo vingi, na kila kimoja husukuma kidogo tu.

Neno la mwisho ni “hatari”, yaani uwezekano wa kupata ugonjwa, na hili ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Mvuvi wa Mikindani akiona wingu zito limeinuka baharini, hasemi kwamba dau limekwisha kuzama; hushusha tanga mapema, au huahirisha safari. Wingu limempa habari, naye ameitumia. Mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa kuzaliwa ana kisukari cha aina ya pili, kile ambacho kwa kawaida huanza ukubwani, ana uwezekano wa kukipata ulio mara mbili hadi tatu ya yule asiye na ndugu kama huyo. Uwezekano huo ni mkubwa na haufai kupuuzwa. Hata hivyo, wapo wengi wenye wazazi wagonjwa ambao hawakuugua hadi uzeeni, na wapo waliougua bila ndugu yeyote aliyejulikana kuwa na ugonjwa huo.

Damu moja, na jiko moja

Sababu kubwa ya kuchanganyikiwa ni kwamba watu wa familia moja hawashirikiani vinasaba peke yake. Hula chungu kimoja, hutiwa chumvi na mkono mmoja, hulala kwenye nyumba zilizopakana na kung’atwa na mbu wale wale. Kwa hiyo ugonjwa unaoonekana “kufuata ukoo” unaweza kuwa unafuata damu, au unafuata jiko, au unafuata mahali.

Huku kwetu kuna mifano miwili inayolionyesha jambo hili vizuri. Wa kwanza ni konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na kuiacha hivyo maisha yote, na unaowapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliripotiwa katika Mkoa wa Mtwara, na mara nyingine ulipata zaidi ya mtu mmoja katika nyumba moja. Aliyeona ndugu wawili wakiburuza miguu kwa namna ile ile angeweza kuapa kuwa huo ni ugonjwa wa kurithi, au kwamba nyumba ile imefanyiwa jambo. Chanzo kilikuwa muhogo mchungu uliosagwa kwa haraka wakati wa njaa na ukame, kabla sumu yake ya sianidi haijatoka. Kinga yake ni ya jikoni: unga hulowanishwa, hutandazwa mwembamba juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano, ndipo ugali husongwa.

Mfano wa pili ni matende na mabusha. Sijui ni mara ngapi nimesikia kuwa mabusha ya mtu fulani ni ya babu yake, au kwamba yameletwa na kunywa madafu mengi. Madafu hayana kosa. Matende na sehemu kubwa ya mabusha ya pwani yetu husababishwa na minyoo midogo sana inayoenezwa na mbu, na baba na mwana waliougua wote wawili waliishi miaka mingi penye mbu wale wale.

Nimeyaleta haya mapema kwa makusudi. Mtu anapogundua kwamba sehemu ya kile anachokiita urithi kimo ndani ya sufuria na chandarua, huacha kukunja mikono. Vinasaba huwezi kuvibadilisha, lakini sufuria ni yako.

Mkorosho na salfa

Kwa upande wa damu yenyewe, ulinganisho ninaouona unafaa zaidi tunao mashambani. Kila mkulima wa korosho anaujua ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokamata maua na majani machanga na kuyakausha kabla hayajazaa. Anajua pia kwamba mikorosho haifanani. Ipo inayoshambuliwa kila mwaka, na ipo inayostahimili; watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapa Mtwara, wametumia miaka mingi kutafuta na kuzalisha mbegu zenye ustahimilivu. Mkulima mwenye shamba la mikorosho dhaifu kwa ubwiriunga haikati. Anachofanya ni kupalilia, kupogolea matawi ili hewa ipite, na kupulizia salfa mapema maua yanapoanza kutoka, bila kusubiri shamba zima liwe jeupe. Mwenye mikorosho imara huweza kuchelewa kidogo na asipate hasara kubwa. Huyu mwingine akichelewa, msimu umekwisha.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtu aliyezaliwa katika familia yenye presha. Chumvi ile ile, uzito ule ule na sigara zile zile ambazo jirani yake anaweza kuzibeba kwa miaka bila kuonekana ameumia, kwake yeye huleta madhara mapema zaidi. Tofauti yao iko katika muda walio nao na uangalifu wanaouhitaji.

Je, kuna ushahidi kwamba salfa hii ya mwilini inafanya kazi? Upo, na ni mzito. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002, zaidi ya watu 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kiwango cha ugonjwa waligawanywa katika makundi na kufuatiliwa kwa takriban miaka mitatu. Wengi wao walikuwa na ndugu wa damu mwenye kisukari. Kundi lililosaidiwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi kama kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa wiki, lilipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58 ukilinganisha na wale ambao hawakupewa msaada huo wala dawa. Kundi lililopewa dawa ya metformini lilipunguza kwa asilimia 31. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 80 haifiki hata kilo sita.

Ukoo huhesabiwa upande mmoja, vinasaba huja pande mbili

Sasa nafika mahali ambapo sisi wa kusini tuna tatizo letu wenyewe. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mjomba ndiye mwenye kauli juu yake, na ingawa dini, shule na maisha ya mjini vimelegeza mambo mengi, kumbukumbu zetu bado zimepangwa hivyo. Mtu anaweza kukutajia mama wa bibi yake mzaa mama na alikozikwa, lakini ukimuuliza ndugu za babu yake mzaa baba, anakwama.

Mwili haufuati mpangilio huo. Mwanamke anaweza kurithi kutoka kwa baba yake mabadiliko ya vinasaba yanayoongeza hatari ya saratani ya matiti, hata kama baba mwenyewe hakuugua, na dalili pekee ikawa kwa shangazi zake. Mtu anaposema “kwetu hakuna saratani ya ziwa” huku akihesabu upande wa mama peke yake, amesoma nusu ya barua. Kufanana sura hakusaidii pia. Wengi huamini kwamba aliyechukua uso wa mama ndiye atakayechukua na magonjwa ya mama, ilhali vinasaba vya sura na vya presha havitembei pamoja kwa lazima.

Nilijifunza hili kwa shangazi yangu, katika kijiji kimoja cha Rondo. Mimi nimekulia kwa watu wa mama, Newala, na habari za babu mzaa baba nilizisikia kwa mbali tu. Nilimkuta shangazi amekaa kwenye mkeka uani, anamenya ming’oko, vile viazi pori vya kusini, iliyochemshwa, sufuria bado inatoa mvuke. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea bakuli. Baada ya kula kidogo nilimuuliza babu alikufa kwa ugonjwa gani.

“Hakuugua mwanangu,” alisema. “Alitoka chooni usiku, akaanguka. Upepo mbaya ulimpiga. Mdomo ukaenda upande, hakusema tena. Siku ya tatu akatuacha.”

Nilimuuliza alikuwa na umri gani. “Ah, alikuwa mzee,” alisema bila kufikiri, na mimi kwa miaka yote nilikuwa nimemwona babu huyo akilini mwangu akiwa na mvi na mkongojo. Hakuna cheti chochote, kwa hiyo tulihesabu kwa matukio. Shangazi alikumbuka kusimuliwa kwamba babu aliingia jandoni wakati Waingereza wanafyeka pori la Nachingwea kwa ajili ya karanga, mpango ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951. Tukampa miaka kumi katika mwaka 1948. Alikufa mwaka ambao vijana wa kijiji walirudi kutoka Vita vya Kagera, yaani 1979. Nilitoa kwa vidole, kisha nikatoa tena kwa kalamu. Alikuwa na miaka 41 hivi.

Shangazi aliacha kumenya. Mimi siku ile nilikuwa na miaka 42. “Kumbe baba alikuwa mdogo kuliko wewe,” alisema, na tukakaa kimya kwa muda.

Kusoma maneno ya wazee

Hakuna daktari aliyemwona babu, lakini mdomo uliokwenda upande na ulimi uliokataa ghafla ni picha ya kiharusi, yaani mshipa wa damu wa ubongoni ulioziba au kupasuka, na presha ndiyo sababu yake kubwa. Tunaposema mtu “alianguka chooni akafa” huwa tunadhani kuanguka ndiko kulikomuua. Mara nyingi ugonjwa ulimpata kwanza, na sakafu ikampokea. Ndiyo maana nasema historia ya afya ya familia zetu ipo, ila imeandikwa kwa lugha nyingine, na kazi yetu ni kuitafsiri kwa uangalifu bila kuwadharau waliotusimulia.

Ukiambiwa bibi alikuwa na kidonda cha mguuni kisichopona hadi akakatwa, au kwamba sisimizi walikusanyika alipokojoa na alikuwa hamalizi kiu, fikiria kisukari. Ukiambiwa mjomba alivimba miguu, akawa hawezi kulala chali, anaomba mito na kukaa usiku kucha kwa kukosa pumzi, fikiria moyo. Ziwa lililokuwa gumu kisha likatoa kidonda linaashiria saratani. Zipo habari ambazo hazina uzito huo: aliyekohoa damu na kukonda pengine alikuwa na kifua kikuu, ambacho ni cha kuambukizwa, na aliyekufa kwa malaria hakukuachia onyo la damu. Zaidi ya yote, tafsiri hizi ni dokezo la kumpelekea mtaalamu, na hazifai kutumiwa kumthibitishia mtu yeyote ugonjwa.

Umri nao una uzito kuliko watu wanavyodhani. Bibi aliyeanza presha akiwa na miaka 80 anakueleza zaidi habari za uzee kuliko habari za damu. Baba au kaka aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada aliyeupata kabla ya miaka 65, ni onyo ambalo madaktari hulichukulia kwa uzito. Kwa sababu hiyo inafaa kuhangaika na tarehe, na hapa kusini tunazo alama nzuri za kuhesabia: Uhuru, kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, Vita vya Kagera, kifo cha Mwalimu mwaka 1999, kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa mwaka 2003. Muulize mzee kama marehemu aliwahi kuvuka daraja lile kwenda Dar es Salaam, na umri utaanza kujitokeza wenyewe.

Kuna wanaoogopa maswali haya, wakiamini kwamba kutaja ugonjwa ni kuuita. Ninaiheshimu hofu hiyo kwa sababu nyuma yake kuna maumivu ya kweli. Nimeona inasaidia kuanza na maisha ya marehemu kabla ya kifo chake, alipenda kula nini, alifanya kazi gani, alikuwa mcheshi au mkali. Ugonjwa hufika wenyewe katika simulizi. Makungwi na manyakanga wetu wamezungumza na vijana habari za mwili kwa vizazi vingi bila aibu, kwa hiyo isisemwe kwamba mila zetu hazina nafasi ya mazungumzo haya.

Pale urithi unapokuwa urithi kamili

Yapo magonjwa ambayo hayana mjadala wa jiko. Sikoseli, au selimundu, hutokea mtoto anapopokea kinasaba chake kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Mwenye kinasaba kimoja ni mbebaji. Kwa kawaida haugui, na hata hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo linaloeleza kwa nini kinasaba hicho kimedumu katika ukanda wenye malaria kama wetu. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa mtoto mgonjwa, robo mbili wa mbebaji, na robo moja wa mtoto asiye nacho kabisa. Nasisitiza kila mimba. Ni kama kurusha sarafu upya, na sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Wazazi waliopata mtoto mmoja mgonjwa hawajapewa ahadi kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima. Katika familia yenye sikoseli, tabia njema ya kwanza ni vijana kupima kabla ya kuoana.

Saratani ziko katikati. Ni takriban asilimia 5 hadi 10 tu ya saratani zote zinazotokana moja kwa moja na kinasaba kilichorithiwa. Saratani ya mlango wa kizazi, inayowaumiza sana wanawake wa nchi yetu, karibu yote huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na ina chanjo kwa wasichana na kipimo kwa wanawake. Lakini mwanamke ambaye mama au dada yake alipata saratani ya matiti kabla ya miaka 50 amwambie mhudumu mapema, ili uchunguzi wake usisubiri umri wa kawaida.

Kutoka daftarini hadi jikoni

Ushauri wa kupunguza chumvi tumeusikia redioni mara nyingi, na kwa wengi wetu umepita kama tangazo, kwa sababu hauna uso. Historia ya familia huupa uso. Wiki moja baada ya kutoka Rondo nilikwenda kupima presha, jambo ambalo nilikuwa nimeliahirisha kwa miaka. Ilikuwa 148 kwa 94. Muuguzi aliniambia kipimo cha siku moja hakitoshi, kwa kuwa hata kupanda ngazi au wasiwasi huipandisha, akaniita tena. Mara ya pili ikawa 146 kwa 92. Iliyo nzuri ni chini ya 120 kwa 80, na ikifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti, hiyo ni presha ya kupanda. Sikuwa na dalili hata moja: kichwa hakiumi, moyo haupigi mbio. Ndivyo ilivyo kwa wengi, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kuwa wanayo.

Kilichobadilika nyumbani kilianza na papa wa chumvi. Tulikuwa tukimsuuza mara moja na kumtia chunguni, kisha tunaongeza chumvi kwenye mchuzi kwa mazoea ya mkono. Sasa hulowekwa usiku kucha, maji hubadilishwa mara mbili, na mchuzi wake hautiwi chumvi nyingine. Ndimu, pilipili na tui hutosha. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo ndani ya samaki, mkate na korosho za kukaanga. Wiki mbili za kwanza chakula kilikuwa kama cha mgonjwa, na watoto walilalamika. Baadaye ulimi ulizoea, hadi nikila kwenye msiba naona kila kitu kimezidi.

Katika familia yenye kisukari mkazo huwa mahali pengine: ukubwa wa tonge la ugali, iwe wa sembe au wa muhogo, soda zinazoingia nyumbani pesa ya korosho inapolipwa, mzunguko wa kiuno, na kutembea. Nusu saa ya kutembea kwa kasi, siku tano kwa wiki, inatimiza zile dakika 150. Watu husema mkulima hahitaji mazoezi, na wakati wa palizi ni kweli. Lakini kuna miezi ambayo bodaboda hutupeleka hata dukani. Kipimo cha sukari kabla ya kula kitu asubuhi kikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi na kurudia hivyo, hicho ni kisukari, na mwenye mzazi mgonjwa asingoje kiu na kukojoa mara kwa mara ndipo akapime. Penye kiharusi na moyo, tumbaku iondoke kwanza, kabla ya jambo lingine lolote, pamoja na kupunguza uraka na pombe nyingine.

Baada ya miezi minne presha yangu ilikuwa 132 kwa 84. Baba yangu mdogo, ambaye hajawahi kuvuta sigara wala kunenepa, alipima baada ya kusikia hesabu ya shangazi, akakutwa na 170 kwa 104, na yeye amehitaji dawa tangu siku hiyo. Hakuna aliyeshindwa kati yetu wawili. Kuna miili ambayo mazoea mazuri huitosheleza, na ipo inayohitaji mazoea pamoja na dawa za kila siku, ambazo hazifai kuachwa kwa sababu mtu amejisikia vizuri.

Limebaki swali la wale wanaosema kwao hakuna kitu. Pengine ni kweli. Lakini babu zetu wengi hawakupimwa presha hata mara moja, na baadhi yao walikufa kwa malaria, njaa au ajali kabla magonjwa ya ukubwani hayajapata nafasi ya kujitokeza. “Hakuna” na “hakuna aliyepima” ni majibu mawili tofauti, na kwa mhudumu wa afya ni bora kusema “sijui upande wa baba” kuliko kusema “hapana.”

Daftari langu sasa lina kurasa tatu. Shangazi hunipigia simu kila anapomkumbuka mtu, na ameniagiza niende kwa wapwa wa babu, kwa kuwa wao ndio wa ukoo wake na ndio walioshika habari za kaka na dada zake. Upande wa mama, niliokuwa nikidhani naujua wote, una majina manne yasiyo na umri wala sababu ya kifo. Likizo ya Desemba, watoto wa Newala wakiwa jandoni na unyagoni na mjomba akiwa hana pa kwenda, nitakaa naye barazani na kalamu yangu.